Kesi Iliyochafuka

1

Kwaya ya wanawake wa Lwifwa ilikuwa katikati ya wimbo wake wa pili Tusekile Mwakalobo alipousikia mluzi. Ulitoka upande wa mabomba, nyuma ya uwanja wa shule. Ulipanda polepole mpaka ukawa mwembamba kama uzi, kisha ukashuka na kukatika. Kipaza sauti kilimponyoka kikaanguka majanini. Watu wakacheka, wakidhani mtangazaji wa redio kalewa sifa.

Alikiokota, akamsogelea mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya jukwaa.

"Mama, ile sauti ni ya nini?"

"Ipi? Aa, ile! Bomba la Umande linaimba. Limeanza juzijuzi tu. Watoto wameshalitungia mchezo."

Kweli, chini ya goli watoto walikuwa wakiucheza. Mmoja anapiga mluzi unaopanda na kushuka, wengine wanatawanyika wakipiga mayowe, wanajiangusha chini na kujifanya wafu. Kisha wanaamka na kuanza upya.

Tusekile aliwatazama.

Lwifwa iliishi kwa jotoardhi. Mvuke ulivutwa kutoka chini ya mlima na Kampuni ya Umande, ukakausha chai, ukapasha nyumba moto wakati wa baridi ya Juni, ukawasha taa hadi mikoa ya mbali. Ilondo, ng'ambo ya ukingo wa mlima, nayo iliishi hivyo hivyo, hadi siku vali kuu ilipofunguka yenyewe na mvuke ukapita katikati ya nyumba za wafanyakazi. Gwamaka, mdogo wake Tusekile, alikuwa zamu siku hiyo. Alikuwa amempigia dada yake simu kumweleza habari za ng'ombe wa mama aliyekataa malisho. "Subiri kidogo, dada," alisema, "hii vali leo inaimba tena." Tusekile akausikia mluzi ule ukipanda na kushuka. Baada ya hapo hakusikia kitu.

Mazungumzo yale yalirekodiwa kwenye simu yake, na mahakama ilikuwa imeyasikiliza tena na tena. Sasa Bwana Faustini Mbogoro, mwenye Umande, alikuwa akisubiri hukumu siku ya Ijumaa. Swali mbele ya mahakama lilikuwa moja tu: je, vali zile zilikuwa na kasoro, na Mbogoro alijua? Na hilo ndilo jambo ambalo hakuna mtu nchini aliyeruhusiwa kulitaja hadharani.

Nyimbo zilipokwisha, Tusekile alikiinua kipaza sauti. Kwenye shingo yake kilikuwa na taa ndogo ya manjano, taa ya chekeche. Umati ulimtazama, ukingoja amtaje mshindi wa mashindano ya kwaya.

Akamtaja mshindi.

2

Sheria ya Kimya haikutungwa na watu wabaya. Kabla yake palikuwa na mwalimu mmoja, Editruda, aliyeshtakiwa kwa kuwapa wanafunzi sumu kwenye uji. Kila redio ilikuwa na hakimu wake, na kila simu ilikuwa na hukumu yake. Kesi haijaanza kusikilizwa, watu wakamchoma ndani ya nyumba yake. Baadaye sumu ilikutwa kisimani.

Nchi iliona aibu, na aibu ile ikazaa mambo mawili. La kwanza ni baraza la wananchi, watu wa kawaida waliochaguliwa kwa kura kukaa na jaji na kuamua naye. Walilala majumbani mwao na kula kwenye migahawa ile ile ya watu wote. La pili ni Mizani, mtambo wa kuyalinda masikio yao. Mizani ilisikiliza kila kinachosemwa hadharani, redioni, sokoni, kwenye simu. Haikujua haki wala dhuluma. Ilipima tu maneno juu ya kesi fulani yamefika kwa watu wangapi, na yana joto kiasi gani. Yakivuka mstari, kesi imechafuka. Inafutwa, na mshitakiwa hashitakiwi tena kwa jambo hilo mpaka afe. Aliyeichafua ameidharau mahakama, naye hupewa ukimya: alama ya sauti yake inaondolewa katika kila chombo nchini.

Ili mtu asiteleze, kila kipaza sauti na kila simu iliwekewa chekeche. Lilishika neno kwa muda wa pumzi moja, na kama ni neno la kesi iliyo mahakamani, lilimezwa. Ndani ya nyumba yako ulikuwa huru kusema lolote.

Tangu Mizani ije, hakuna aliyechomwa. Tusekile mwenyewe aliwahi kuisifu redioni, na aliisifu kwa moyo wake wote.

3

Veridiana Haule, wakili wa serikali katika kesi ya Ilondo, alimpokea Jumatatu asubuhi kabla hajavua koti. Alifunga mlango wa ofisi.

"Humu sema unachotaka. Kuta zangu hazina masikio."

Tusekile hakukaa. "Vali ya Lwifwa inaimba."

Veridiana alibaki na mkono mmoja ndani ya koti.

"Una hakika?"

"Wakili, sauti ile naiota. Ni ile ile. Jana nilimfuata mkuu wa wilaya nyumbani kwake, akasema hawezi kugusa jambo lililo mbele ya jaji. Nikaenda kwa meneja wa kiwanda. Yule baba aliniangalia kama mtu mwenye homa, akasema mawakili wa kampuni wamewakataza hata kuitaja."

"Bila shaka. Akiizima leo, ni sawa na kukiri kwamba ni mbovu, siku chache kabla ya hukumu."

"Na asipoizima?"

Veridiana alikaa mezani na kuanza kuandika ombi la dharura. Tusekile akamsubiri kwenye korido, akienda hadi dirishani na kurudi, akienda na kurudi, mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu.

Majibu yalikuja alasiri. Kampuni ilikuwa imekula kiapo kwamba vali ya Lwifwa ni nzima. Jaji aliona kwamba kuliamua ombi hilo ni kuiamua kesi yenyewe, hivyo vyote vingeamuliwa pamoja, Ijumaa.

"Ijumaa," Tusekile alisema. "Ilondo iliimba juma moja na siku kidogo. Hii imeanza lini? 'Juzijuzi.' Mwenye mahindi anasema juzijuzi."

"Nisikilize, Tuse." Veridiana alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nimeibeba kesi hii mpaka mume wangu kasahau sura yangu. Tunashinda. Naliona machoni pa baraza. Ukifungua mdomo hadharani, Mbogoro anatoka kwa mlango wa mbele na hatarudi tena kizimbani. Wafiwa wote wale, mama yako akiwemo, utawaambia nini?"

"Na nikinyamaza, nikaamka asubuhi nikasikia Lwifwa imeungua, nitawaambia nini watu wa kule?"

Wakili alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Kama wakili nakwambia unyamaze," alisema. "Usiniulize kama mtu."

4

Jumanne haikuwa na mahali pa kukaa. Tusekile aliinjika wali ukaungua. Alifua shuka lililokuwa safi. Mara mbili aliwasha gari kuelekea Lwifwa, na mara mbili akageuza njiani: angegonga mlango gani, na mtu wa kwanza akimuuliza sababu, angemjibu nini ambacho hakingekuwa kesi ile ile?

Mchana mama yake alipiga simu.

"Gwe Tuse, umekula?"

"Nimekula, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeitoa ile khanga aliyoninunulia mdogo wako alipopata mshahara wa kwanza. Sijaivaa tangu tumzike. Ijumaa nitaivaa."

Tusekile alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Simu ilikuwa hadharani. Chekeche lilikuwemo ndani yake kama kwenye simu zote. Akatafuta njia ya kuzunguka.

"Mama, kama ungeona nyoka anaingia nyumba ya jirani, nawe umekatazwa kupiga kelele, ungefanyaje?"

"Nani kanikataza?"

"Mtu aliyekushikia haki yako. Ukipiga kelele, anaitupa mtoni."

Upande wa pili kuku walisikika uani.

"Usiniletee mafumbo, mwanangu," mama alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sijui unataka kufanya nini na sitaki kujua. Mimi nataka kumwona yule bwana akishuka kizimbani na pingu mkononi. Nimekaa hai kwa ajili ya hiyo siku. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Basi kula."

5

Kipindi chake cha asubuhi kilisikilizwa nyanda zote za juu. Jumatano alikifungua kama kawaida, akasoma hali ya hewa, bei ya viazi, salamu za harusi. Kisha akaisogeza karatasi pembeni.

"Ndugu zangu wa Lwifwa, nawaomba kitu kimoja. Tokeni mjini asubuhi hii. Beba mtoto, mshike mgonjwa mkono, pandeni msitu wa juu. Siwezi kuwaambia sababu. Nawaomba tu mniamini."

Taa ya chekeche ilibaki manjano. Hapakuwa na kosa katika maneno yale. Akajiambia, Mungu akipenda, yatatosha.

Simu zikaanza kuingia. Mzee mmoja alitaka kujua kama mtangazaji amelala salama, maana yeye ana chai juani na haiwezi kujianika yenyewe. Mama mmoja akasema leo ni siku ya kliniki, watoke waende wapi? Wa tatu aliuliza hili tangazo ni la bidhaa gani. Mtu haachi nyumba yake kwa sababu ya "nawaomba". Tusekile alilijua hilo kabla hajafungua kinywa.

Nyuma ya kioo, Lusajo, fundi mitambo aliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuja kwenye hedifoni, ya chini.

"Dada Tuse, najua unakoelekea. Nina watoto watatu na nyumba ya kupanga." Alisita. "Kwa hiyo sikukuona wala sikukusikia. Nakwenda kunywa chai."

Akatoka. Aliacha vyote vimewashwa.

Tusekile alilowanisha midomo. Ilikuwa imemkauka hata pumzi ya kwanza ikatoka tupu. Ya pili ikashika. Alipiga mluzi unaopanda polepole mpaka ukawa mwembamba kama uzi, akaushusha, akaukata.

Manjano. Chekeche lilifundishwa maneno. Mluzi haukuwa neno.

"Mnaijua sauti hii," alisema. "Watoto wenu wanaichezea. Ndugu yangu aliisikia nikiwa naye kwenye simu. Baada ya hapo sikumsikia tena."

Hapakuwa na mtu asiyejua Tusekile Mwakalobo ni dada wa nani. Kwa muda simu zote zilinyamaza. Kisha moja ikaita, naye akaipokea hewani.

"Dada," ilikuwa sauti ya mwanamke anayehema, "mimi niko hapa Lwifwa, karibu na shule. Inaimba sasa hivi."

Nyuma yake ulisikika mluzi wenyewe, ule wa kweli, ukipanda.

"Toka, mama."

"Natoka. Natoka! Wewe, mbebe mwenzako, achana na sufuria—"

Hapo matangazo yakakatwa.

6

Walitoka. Walitoka na magodoro, na mbuzi, na cherehani, na wazee waliobebwa kwenye baiskeli. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wa kwanza. Meneja alipojikuta peke yake na saa za kupimia mvuke, bila mtu wa kuzisoma, aliufunga mvuke kwa mkono wake mwenyewe.

Na nchi ikaanza kupiga mluzi. Haikuhitaji kusema Ilondo wala Umande wala Mbogoro. Watu walipiga mluzi kwenye foleni za benki, stendi za malori, milango ya kanisa. Machekeche hayakuwa na la kumeza. Lakini Mizani iliudaka mluzi ule haraka, kwa kuwa kazi yake haikuwa kuelewa maneno bali kupima yamefika wapi. Alhamisi jioni mstari ulivukwa.

Ijumaa mahakama ilijaa. Mama Gwamaka alikaa safu ya mbele, na khanga yake. Jaji Rweikiza aliingia, akasoma ukurasa mmoja tu. Shauri limechafuka na limefutwa. Mshitakiwa yuko huru. Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja tu nyuma alianza kulia kwa kwikwi, kama mtoto anayezuiwa kulia.

Tusekile alikuwa mlangoni kati ya askari wawili, akisubiri shauri lake mwenyewe. Mbogoro alipita akiwa na mawakili wake. Alionekana mzee kuliko kizimbani. Alisimama, akauchukua mkono wa Tusekile kwa mikono yake miwili.

"Asante sana, dada yangu," alisema.

Hakuwa akimdhihaki. Hilo ndilo lililomfanya Tusekile aufute mkono kwenye nguo yake.

Vali ya Lwifwa haikupasuka. Umande iliing'oa siku ile ile na kuipeleka mahali pasipojulikana. Walisema ni matengenezo ya kawaida.

7

Kesi ya kuidharau mahakama haina baraza. Ni jaji na mkosaji tu. Jaji Rweikiza alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya mtu aliyechoka kusikika.

"Nilimjua Mwalimu Editruda," alisema. "Alinifundisha kusoma. Nilikuwa wakili kijana siku walipomchoma, na niliwasikia watangazaji asubuhi ile, wakicheka. Kwa hiyo usifikiri nimekaa hapa kulinda mashine."

"Sifikiri hivyo, Mheshimiwa."

"Umemwachia huru mtu ambaye huenda aliua. Unajuta?"

"Najuta, Mheshimiwa. Silali."

"Ikitokea tena?"

Tusekile aliangalia mikono yake. "Nitatafuta njia nyingine kwanza."

"Mbona safari hii hukuitafuta?"

"Niliitafuta. Ombi la wakili lilikuwa mezani kwako tangu Jumatatu."

Askari mmoja alikohoa. Jaji alitazama mezani, pale karatasi zinapowekwa.

"Lilikuwa mezani," alisema. "Nami nililisoma kama sheria inavyotaka lisomwe." Akachukua kalamu. Haikuonekana kama inaandika kwa hiari. "Sheria inaniruhusu kukupa ukimya wa miaka mitano. Nakupa miwili. Siwezi kushuka chini ya hapo."

Walimpeleka chumba cha pembeni, wakamtaka asome ukurasa wa gazeti la zamani mbele ya mtambo. Ndivyo walivyoipata sauti yake yote, kisha wakaifuta. Haikuuma. Alipofika kwenye lifti alisema "chini", kama siku zote. Lifti haikusogea. Alisema tena, akapaza sauti. Kijana mmoja aliyeingia nyuma yake akamwonea huruma, akasema yeye: "Chini." Ikashuka.

8

Safari ya kwenda kwa mama ilikuwa ndefu kuliko alivyoikumbuka. Gari lake halikumjua tena, akapanda basi na kushuka kwenye njia ya migomba. Kwa miaka mingi walikuwa watu wa kupigiana simu. Sasa kama alikuwa na neno kwa mama yake, ilimbidi alilete kwa miguu.

"Hodi."

Mama alikuwa jikoni, nje, akimenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

Kisu kiliendelea. Ganda likaanguka juu ya ganda.

"Nilimwona akikushika mkono," mama alisema.

"Ndiyo."

"Ukampa?"

"Aliuchukua. Sikujua la kufanya."

Mama alitupa ndizi kwenye sufuria ya maji, akachukua nyingine. "Na ile ya kule. Ilipasuka?"

"Haikupasuka."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mama. Na sitajua. Wameiondoa."

"Umemuuza ndugu yako kwa kitu usichokijua."

Tusekile alisimama pale pale, mkoba begani. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, juu ya watoto wa uwanja wa shule na mwanamke aliyehema kwenye simu, na sasa yote yalikuwa kama nguo za mtu mwingine.

"Kule Ilondo," mama alisema, akiitazama ndizi na si binti yake, "bomba lilipokuwa likiimba siku zote zile. Kuna mtu alikuwa anajua?"

"Ndilo tulilotaka kulisikia Ijumaa."

"Sikukuuliza mahakama. Nimekuuliza wewe."

"Alikuwepo. Naamini alikuwepo mtu aliyejua."

"Akanyamaza."

"Akanyamaza, mama."

Mama alichomeka kisu kwenye ndizi, akakiacha humo. Mabega yake yalipanda na kushuka mara moja, mara mbili. Tusekile alipiga hatua, na mama akauinua mkono kumzuia. Walikaa hivyo, mmoja amesimama na mwingine ameketi, mpaka moto ukaanza kufifia na ikambidi mama ausukumie kuni.

"Sijakusamehe," alisema. "Usidhani nimekusamehe."

"Sawa, mama."

"Maji yako pale kwenye ndoo. Nawa mikono, ule."